Uzoefu wangu: Jumamosi sita za kujifunza mtandao wa simu, mimi wakala nisiye fundi

Nimelipa shilingi laki moja na nusu ili nijue kwa nini simu ya kazini inaonyesha mistari minne na hela ya mteja haijafika. Swali nililoenda nalo lilikuwa hilo tu.

Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa hela, Mbagala, kwenye kibanda cha bati kilichobanana na duka la vipuri vya pikipiki. Kwa siku nasikia "dada, mtandao upo?" mara nyingi kuliko salamu. Miaka saba jibu langu lilikuwa moja: unasumbua, subiri kidogo. Kinachosumbua ni nini, sikujua. Mwaka jana nikatuma elfu themanini mara mbili kwa mtu mmoja kwa sababu skrini iliganda baada ya kuweka namba ya siri, nikadhani muamala haujaenda. Mpokeaji hakupokea simu tena. Nilipoona chuo kimoja cha hapa mjini kinatangaza mafunzo ya mawasiliano yasiyotumia waya kwa watu wasio mafundi, saa mbili kila Jumamosi, nikachomoa hela kwenye akiba. Jina la chuo naliacha, maana nina malalamiko nao.

Tulikuwa watu kumi na nne. Mzee mmoja mstaafu wa reli, mvuvi wa Kigamboni, vijana wawili wanaouza laini barabarani, mama anayepangisha vyumba ambaye wapangaji wanamlaumu kwa Wi-Fi, na wengine. Mwalimu ni kijana aliyekuwa anapanda minara kabla ya kuumia goti. Hesabu hakutupa, isipokuwa moja: chukua 300, gawa kwa megahezi, yaani kipimo cha masafa ya mtandao, unapata urefu wa wimbi kwa mita. Masafa ya 900 yanakupa theluthi ya mita, 1800 yanakupa kama sentimita 17. Niliona ni hesabu ya kupitisha muda mpaka alipoingia na sufuria.

Ilikuwa sufuria ya kawaida ya kupikia wali, yenye kifuniko. Akaomba simu, nikampa yangu ndogo. Akaitumbukiza, akafunika, akatuuliza: nikipiga itaita? Wote tukasema haiwezi, chuma kinazuia. Akapiga. Ikaita humohumo, sauti kama ya mdudu kwenye debe. Darasa likacheka, mimi nikaona tumetapeliwa. Ndipo akaeleza kwamba upenyo wa kifuniko ni mwembamba kama unywele lakini unazunguka sufuria nzima, na wimbi linajali urefu wa upenyo kuliko upana wake. Akaifunga simu ileile kwenye foili, ile ya kufungia kuku, mara tatu, kingo akazikunja. Akapiga: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Kwa dakika kumi hizo peke yake nisingedai hela yangu.

Nilirudi nyumbani nikiwaza kibanda. Bati juu, bati pande tatu, mlango wa bati. Nimekuwa nikifanya biashara ya mtandao ndani ya sufuria.

Wiki iliyofuata alitufundisha kuacha kuamini mistari. Mistari minne kwenye simu moja inaweza kuwa miwili kwenye nyingine, kila kampuni inaichora inavyotaka. Kwa simu nyingi za Android kipimo chenyewe kimefichwa kwenye Mipangilio, Kuhusu simu, Hali ya SIM. Pale kuna namba yenye alama ya kutoa mbele yake, inaitwa dBm, nayo inahesabiwa kwa desibeli. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mnara unavyosikika vizuri. Ukipanda desibeli 10, nguvu imezidi mara kumi. Ukipanda 20, mara mia. Nikapima kwenye 4G. Nikiwa nimekaa kwenye kaunta ilisoma hasi 112. Nikatoka, nikasimama chini ya mwarobaini hatua nane kutoka hapo: hasi 94. Tofauti ya 18, yaani zaidi ya mara sitini, kwa hatua nane na bati moja! Wateja walikuwa wakiniona nanyoosha mkono nje ya dirisha na simu wakidhani ni ushirikina wa mawakala.

Lakini swali langu la mistari minne lilibaki, na aliyelijibu si mwalimu, ni yule mzee wa reli. Mwalimu alikuwa anaeleza kwamba antena ya mnara inasukuma wati ishirini, arobaini, na simu ya 4G haizidi sehemu mbili ya kumi ya wati moja. Mzee akainua mkono. "Mwalimu, kwa hiyo ni kama muadhini. Mimi namsikia kutoka mtaa wa tatu, ila nikimjibu kutoka kitandani hanisikii." Mwalimu akasema, mzee wangu, shikamoo tena, nitautumia mfano huo mpaka nistaafu. Mistari inakwambia wewe unamsikia muadhini. Haisemi kama yeye anakusikia.

Wala haisemi mko wangapi mnaoongea naye. Siku ya Simba na Yanga pale uwanja wa Mkapa, watu 60,000, kila mmoja anarusha video ya bao. Mistari imejaa na picha haitoki. Kila upande wa mnara una kiasi chake cha masafa, wanagawana waliopo. Mwalimu alitumia mfano wa maji kwenye bomba, na mimi naona unapotosha, kwa sababu maji yakiisha bombani yameisha, wakati mawimbi hayaishi, yanasubiriana zamu. Foleni ya benki ingetosha.

Kilichoniokoa kibiashara ni somo la nne. Ile menyu ya nyota na reli haitumii bando hata kidogo. Ni mazungumzo ya papo kwa papo kati ya simu na seva, yaani kompyuta ya kampuni, hayahifadhiwi popote njiani, yakikatika yamekatika. Meseji ni tofauti, inatunzwa na kusubiri hadi simu ipatikane. Kwa hiyo ukishaweka namba ya siri na skrini ikaganda, inawezekana seva imeshapokea na kumaliza kazi, kilichopotea ni jibu tu, na meseji ya uthibitisho ipo njiani. Usirudie. Angalia kwanza salio la floti, yaani hela ya kazi ya wakala iliyo kwenye laini, kisha miamala ya mwisho. Elfu themanini yangu ilipotea kwa kutojua sentensi hizo mbili. Vijana wa laini wao walifurahia zaidi kujua kwa nini meseji moja ina herufi 160: nafasi ni baiti 140, baiti moja ni biti nane, na kila herufi imebanwa kwenye biti saba badala ya nane. Mmoja akatoa kalamu akahesabu, ikatimia.

Mvuvi aliuliza kwa nini usiku baharini anaiona taa nyekundu ya mnara lakini simu haikamati. Antena zimeinamishwa kidogo kuelekea walipo watu, akaambiwa, samaki hawanunui vocha. Halafu 2G ya kawaida, mtandao ule wa zamani, ina ukomo wa kilomita 35, hata kama mbele ni maji matupu, kwa sababu kila simu ina zamu yake inayopimwa kwa vipande vidogo mno vya sekunde, na wimbi linalotoka mbali kuliko hapo linachelewa na kuangukia zamu ya mwenzake. Hakuridhika. Alitaka suluhisho, akapewa sababu.

Sasa malalamiko. Tangazo lilisema Jumamosi ya tano tutatembelea mnara. Tulitembelea uzio wa mnara. Mlinzi hakuwa na taarifa yoyote, tukasimama juani nje ya senyenge, mwalimu akielekeza kwa kidole: zile mbao ndefu nyeupe zinazotazama pande tatu ndizo zinazoongea na simu zetu, ile miduara kama ngoma haimuliki nyumba ya mtu, inatazama ngoma mwenzake kwenye mnara mwingine, jenereta lile, na pale chini kwenye kasha ndipo faiba, waya wa nyuzi za kioo, inapoingia. Hapo ndipo nilipoduwaa kidogo. Kwa mnara wenye faiba kama huu, safari isiyotumia waya ni hicho kipande cha kutoka mkononi mwangu hadi juu pale. Kuanzia hapo ni waya mpaka baharini. Nikakumbuka tarehe 12 Mei 2024, Jumapili, nyaya za chini ya bahari zilipokatika huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini: simu ilikuwa imejaa mistari, kupiga unapiga, WhatsApp kimya, na mtaa mzima tunazima na kuwasha simu kana kwamba kosa liko mfukoni mwetu.

Mama wa vyumba aliuliza kuhusu saratani na akajibiwa kwa dakika mbili, ilhali ndiyo hofu ya watu wote wanaojengewa mnara jirani. Nilichokipata ni kwamba mwaka 2011 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliyaweka mawimbi haya kwenye kundi la "huenda", si la "hakika", na kwamba simu iliyobanwa sikioni inakufikia zaidi kuliko antena iliyo juu kule, hasa mtandao ukiwa hafifu maana simu inajikaza kupaza sauti. Lilistahili somo zima. Badala yake somo zima la sita lilikwenda kwa 5G, slaidi zote kwa Kiingereza, zinapita kama mabasi ya mwendokasi yasiyosimama. Umeme ulikatika katikati na hakuna aliyesikitika. Vitini tuliahidiwa, tukapewa picha za vitini kwenye kundi la WhatsApp.

Kama unataka ajira ya minara, usiende, hutashika hata kamba. Kama wewe ni wakala, unapangisha nyumba yenye Wi-Fi, au umechoka kuambiwa "mtandao" kila kitu kinapoharibika, nenda, ila dai mnara wenyewe kabla hujalipa yote. Cheti wanatoza elfu ishirini za ziada, wanasema siku ya mwisho. Sijakichukua. Hiyo elfu ishirini nilimpa fundi seremala, akang'oa bati la upande unaotazama mnara na kuweka ubao. Kaunta sasa inasoma hasi 101.