Rue au Cassie, nani alikosea zaidi kwenye tamthilia ya Euphoria?

Huu ubishi wa msimu wa pili (2022) hauishi jamani, haya tuwapime kwa mizani ileile.

Nia kwanza. Rue ni teja, mama yake kashatupa madawa yote na deni la Laurie, muuza madawa, liko palepale, kwa hiyo yale matusi kwa mama na mdogo wake Gia na milango kupigwa mateke, hiyo ni arosto (mwili kukosa dawa) inaongea. Cassie hana arosto yoyote, anaamka saa kumi alfajiri kujipamba ili Nate, ex wa bestie wake Maddy, amwone shuleni, mtu kajipanga kabisa. Utetezi wake eti Nate na Maddy walishaachana, sawa, ila kama ni halali ulijificha kwenye beseni la kuogea kwa nini shoga yako alivyogonga mlango? Hapa kwangu mimi Rue ana nafuu.

Ila tukija kwenye madhara mambo yanageuka. Cassie kamchoma hasa Maddy. Rue kavuruga nyumba nzima, mpenzi wake Jules kapewa maneno ya kukaa nayo mwaka, halafu siri ya Cassie kaimwaga mbele ya Maddy mwenyewe ili tu yeye apate upenyo wa kukimbia.

Kuomba msamaha: Rue alimpigia simu Ali, mtu anayemsaidia kuacha madawa, Cassie alivamia jukwaa la mdogo wake Lexi katikati ya igizo lake. Sina la kuongeza.

Kama kwenu kuna ndugu teja, Rue atakukera kuliko wote na una haki. Kama ulishaporwa bwana na bestie, hata usihangaike kumsikiliza Cassie.