Mashine ya presha ya nyumbani kwa mwenye msongo wa mawazo

Mashine ninayoieleza hapa ni ile ya betri inayofungwa mkononi, juu ya kiwiko, ambayo niliinunua katika duka la dawa Dar es Salaam baada ya presha yangu kuonekana juu kila nilipopimwa kliniki mwezi Juni, wakati wahasibu tunapofunga hesabu za mwaka wa fedha. Daktari alitaka kujua kama ni maradhi, au ni msongo wa kazi pamoja na hofu ya kupimwa. Mtu akiingiwa na wasiwasi, mwili humwaga adrenalini, yaani homoni ya hofu na dharura, moyo huenda mbio, mishipa hubana na presha hupanda, akitulia, hushuka. Inayobaki juu hata akiwa ametulia kwake ndiyo ya kushughulikiwa, na kipimo kimoja cha kliniki hakitoshi kuitambua.

Kwa kazi hiyo nimeridhika nayo sana. Jioni moja, nikiwa nimetoka kujibizana kwa simu kuhusu ripoti, ilisoma 148 kwa 92. Nikakaa kimya nikipumua polepole, nikitoa pumzi kwa muda mrefu kuliko nilivyoivuta, na nilipopima tena ikasoma 129 kwa 83. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa kuanzia 135 kwa 85 huhesabiwa kuwa presha ya juu, hivyo tofauti hiyo ilikuwa na maana kubwa kwangu na kwa daktari. Majibu hayo hupatikana tu ukifuata utaratibu: kaa dakika 5 bila kuzungumza, egemeza mgongo, usikunje nne, weka mkono mezani usawa wa moyo, na usiwe umekunywa kahawa katika nusu saa iliyotangulia.

Kasoro yake ni mkanda. Unaokuja nayo ni wa mkono wa wastani, na kwa mwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo kweli. Tafadhali uujaribu palepale dukani na uulizie mkubwa kabla ya kulipa.

Haipimi msongo wenyewe. Usingizi wa kukatika, shingo kukaza, tumbo kuvurugika na hasira za karibu haviandikwi kwenye kioo chake, kwa hiyo mimi huviandika daftarini kando ya namba. Nisingemshauri kuinunua mtu ambaye atajifunga mkanda kila akihisi moyo kudunda, kwa kuwa hofu ya namba nayo huipandisha presha. Wala namba nzuri za siku chache si ruhusa ya kuacha dawa. Na ikisoma zaidi ya 180 kwa 120 huku kifua kikiuma au pumzi ikikata, nenda hospitali mara moja.

Kwa wengine wote naipendekeza kwa moyo wote, mradi ipelekwe kwanza kliniki ilinganishwe na mashine ya pale.