Seti ya sola ya wati 200 kwa nyumba ya Dodoma: paneli nzuri, kontrola inaiangusha

Seti tunayoizungumzia ni ile iliyojaa kwenye maduka ya sola mjini Dodoma: paneli moja ya mono (seli za fuwele moja ya silikoni) ya wati 200, betri ya jeli ya Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaoweza kuhifadhi), kontrola ya PWM ya ampea 30 (kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli hadi betri; PWM ni aina ya bei nafuu), inveta ya wati 500 (hugeuza umeme wa betri kuwa wa kawaida wa nyumbani) na waya wa mita 10. Kwa nyumba yenye taa tano, televisheni ya inchi 32, king'amuzi na simu za familia, inatosha miezi mingi ya mwaka. Ushauri wetu: paneli chukua, betri ipime kwanza, kontrola ibadilishe kabla hujatoka dukani.

Jua halina shida hapa. Dodoma iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, mwinuko unapita mita 1,100, na mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia mwisho wa Novemba au Desemba hadi Aprili. Kwa wastani, mwanga wote wa siku nzima ni sawa na saa 5.5 hadi 6.5 za jua kali la wati 1,000 kwa mita ya mraba. Wastani wa mwezi na mwezi haupishani sana. Kinachopishana ni siku na siku. Septemba na Oktoba, leo ni kama jana. Januari, jua linawaka siku moja, halafu mawingu yanafunga siku mbili mfululizo na saa zile zinashuka hadi 2 au 3. Anayeupima mfumo wake Septemba akaridhika, Januari atakaa gizani.

Paneli yenyewe tunaipa alama za juu, mradi iwe ya wati 200 kweli. Nenda dukani na futi. Paneli nzuri ya mono hutoa takriban wati 200 kwa mita moja ya mraba, hivyo ya kweli huwa karibu mita 1.5 kwa sentimita 67. Ukikuta lebo ya wati 200 kwenye kioo cha mita 1 kwa sentimita 60, hiyo ni ya wati 120 hivi, lebo iseme isemavyo. Kipimo cha pili ni multimita: itoe paneli juani kati ya saa sita na nusu na saa saba mchana (huku jua halifiki juu kabisa saa sita kamili), weka multimita kwenye ampea 10 za DC (umeme wa moja kwa moja, kama wa paneli na betri), gusisha ncha mbili za paneli. Jua likiwa safi, usome ampea 9 hadi 10. Ukipata 5, irudishe.

Ifungwe ikitazama kaskazini, mlalo wa nyuzi 10 hadi 15. Juni, jua la mchana hukaa kaskazini kwa nyuzi 30 hivi kutoka utosini. Desemba huhamia kusini kwa nyuzi 17 tu. Mafundi wengi hufuata bati lilivyolala hata kama upande huo unatazama kusini, na hapo mwenye nyumba anaumia: paneli ya nyuzi 15 kusini hupata adhuhuri ya Juni mwanga pungufu kwa karibu robo kuliko ileile ikitazama kaskazini. Chini ya nyuzi 10 maji hayateremki vizuri, na tope linaganda kwenye ukingo wa chini. Acha pia nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya paneli na bati ili upepo upite. Paneli hupoteza takriban asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzijoto moja juu ya 25, kwa hiyo ikifika nyuzi 65 juu ya bati la Oktoba, asilimia 14 imekwenda. Na angalia kivuli cha simtanki na matawi ya mwarobaini. Seli zimeungwa kwa mfuatano. Kivuli cha ukubwa wa kiganja kinaweza kuzima nusu ya paneli.

Sasa kontrola, ambayo ndiyo udhaifu mkubwa wa seti hii. Paneli ya wati 200 hutoa ampea 9.8 kwa volti 20 hivi. Kontrola ya PWM huishusha paneli hadi volti za betri, tuseme 13, na ampea zinabaki zilezile: 9.8 mara 13 ni wati 127. Zilizobaki umezilipia na huzipati. Kontrola ya MPPT (aina inayogeuza volti za ziada kuwa ampea) ya ampea 20, paneli ikiwa imeshapata joto, ingekupa karibu 170. Kwa siku ya saa 5 za jua kali ni wati-saa 635 dhidi ya 850. MPPT ni ghali kuliko PWM, lakini tofauti hiyo ndiyo itakayokuvusha Januari. Jihadhari na kasha lililoandikwa MPPT kwa bei ya PWM: ya kweli ni nzito, ina koili kubwa ndani na mgongo wa alumini.

Betri ya volti 12 yenye Ah 100 ina wati-saa 1,200, na ya jeli itumie nusu tu, yaani 600. Taa, televisheni, king'amuzi na simu kwa saa tano za jioni hula kama 520. Hesabu inakubali, kwa shida. Ipime kwa mzani: ya kweli huwa kilo 28 hadi 30. Ya kilo 20 ina risasi pungufu ndani.

Kinachoua betri hizi mapema ni inveta. Huungwa moja kwa moja kwenye betri, hivyo kontrola haina uwezo wa kuikata, nayo hujizima yenyewe ikifika volti 10 na ushee, betri ikiwa imeshakauka. Ikifanyiwa hivyo usiku baada ya usiku wakati wa mvua, bila kujazwa, sahani za ndani hujengeka ukoko na betri haishiki tena chaji. Zima inveta kwa mkono betri ikionyesha volti 12.0, na taa ziunge DC kupitia kontrola.

Waya wa seti mara nyingi ni wa milimita za mraba 2.5. Kwa mita 10 hupoteza volti 1.4, na joto likizidi, PWM haina volti za kupoteza. Nunua wa 6. Fyuzi ya ampea 30 kati ya betri na kontrola, ya 60 kwa inveta. Unganisha betri kwanza, kisha paneli. Ukifungua, anza na paneli.

Julai hadi Oktoba upepo na vumbi haviishi. Futa kila wiki mbili, alfajiri kioo kikiwa baridi, kwa maji laini na kitambaa. Maji ya visima vya chumvi huacha utando mweupe ambao vumbi linaupenda, kwa hiyo tumia maji ya mvua uliyoyakinga.

Mwenye friji asinunue seti hii. Friji ndogo peke yake inaweza kula wati-saa 500 au zaidi kwa siku. Aanze na paneli mbili, MPPT, na betri ya lithiamu ya Ah 100.