Miezi 14 na KeePassXC: nywila 143 ndani ya faili moja

Kilichonisukuma kwenye KeePassXC, programu ya kutunza nywila, ni aibu. Siku moja nilipokea barua pepe ya mtu nisiyemjua, na mstari wake wa kwanza ulikuwa nywila yangu. Ilikuwa sahihi, herufi kwa herufi. Akadai ameingia kwenye kompyuta yangu, amenirekodi kwa kamera, na nisipomlipa kwa bitcoin ataisambaza video. Video haikuwepo. Niliweka anwani yangu kwenye Have I Been Pwned, huduma aliyoianzisha Troy Hunt mwaka 2013, ikanitajia sehemu tatu zilikovuja taarifa zangu, moja ikiwa tovuti niliyojiunga nayo zamani nikaisahau. Nywila ilitoka huko. Utapeli wa kawaida, kumbe. Ila sikulala vizuri, kwa sababu nywila hiyohiyo ndiyo iliyokuwa inalinda barua pepe yangu kuu.

KeePassXC ni programu huria ya bure ya Windows, macOS na Linux. Nywila zako zote zinakaa ndani ya faili moja lililosimbwa, yaani lisilosomeka bila nywila kuu, na faili hilo unalitunza mwenyewe. Hujisajili popote, hakuna seva ya kampuni inayokushikia. Hilo ndilo lililonivutia, na ndilo lililokuja kunitoa jasho.

Kuhamia kulikuwa rahisi kupita kiasi. Kivinjari changu kilikuwa kimekusanya akaunti 143. Nikazitoa zote kama faili la CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, programu ikazimeza, nikafurahi. Wiki tatu baadaye nafungua folda ya vipakuliwa kutafuta kitu kingine, nalikuta lile CSV limelala pale, nywila zote zikisomeka kama barua. Nimenunua kufuli, funguo nimeziacha zikining'inia mlangoni. Ukihama, lifute siku hiyohiyo, pipa la taka ulimwage, na kwenye kivinjari uzifute pia.

Nywila kuu, ile inayofungua hazina nzima, ilinichukua jioni mbili. Kwanza nilijiona mjanja: nitumie methali, ni ndefu na siwezi kuisahau. Lakini wanaovunja nywila hawakai wakakisia kwa kichwa. Wana orodha za maneno na misemo, na mashine isiyochoka. “Haba na haba hujaza kibaba” ina herufi nyingi, lakini kila aliyesoma Kiswahili anaijua, kwa hiyo thamani yake haizidi sana ya neno moja. Nikafuata njia ya dadu iliyobuniwa na Arnold Reinhold mwaka 1995: unarusha dadu mara tano, tarakimu tano zinazotoka zinakuelekeza kwenye neno moja kati ya 7,776, na unarudia mpaka upate maneno sita au zaidi. Programu yenyewe inaweza kukuchagulia maneno, ila orodha niliyoikuta ni ya Kiingereza. Nikachukua kamusi ya Kiswahili, dadu zikachagua kurasa, nikapata maneno saba yasiyo na undugu wowote. Yakiunganishwa yanaleta picha ya ajabu mno, na siku ya pili nilikuwa nimeyashika. Siyaandiki hapa, msinitege.

Ila nyota ninayoipa programu hii haitokani na usimbaji wake. Inatokana na asubuhi moja nilipokuwa na haraka. Ulikuja ujumbe kwamba akaunti yangu ya malipo ingefungwa, bonyeza hapa uthibitishe. Nembo ilikuwa ileile, rangi zilezile, Kiswahili kimenyooka. Nikabonyeza. Kwa kawaida kiendelezi cha KeePassXC, kijiprogramu kinachokaa ndani ya kivinjari, hunijazia jina na nywila mara moja. Safari hii kimya. Nikakasirika, nikadhani kimeharibika, nikafungua programu nikanakili nywila kwa mkono. Wakati nataka kubandika, jicho likatua kwenye anwani: herufi moja ilikuwa imerudiwa. Kiendelezi hakidanganywi na nembo, kinalinganisha anwani tu, na ile hakikuwa kinaijua. Nywila niliyoinakili ilifutika yenyewe kwenye ubao wa kunakili baada ya sekunde chache. Tangu siku ile kiendelezi kikinyamaza, nami naacha kuandika.

Sasa jasho. Watengenezaji wa KeePassXC hawana programu ya simu. Faili lao linafunguka kwa KeePassDX kwenye Android na KeePassium kwenye iPhone, lakini kulifikisha kwenye simu ni kazi yako. Mimi naliweka kwenye hifadhi ya mtandaoni. Siku moja nilibadilisha nywila kwenye simu, jioni nikabadilisha nyingine kwenye kompyuta kabla mafaili hayajalingana, nikaishia na mafaili mawili, kila moja likijua jambo ambalo mwenzake halijui. Dawa ipo kwenye menyu: amri ya kuunganisha hazina mbili. Lakini nilihangaika saa nzima kabla ya kuiona.

Nimependa pia ukaguzi wake. Inaweza kuuliza kama nywila zako ziko kwenye orodha za zilizovuja bila kuzituma: inazigeuza kuwa mfuatano mwingine wa herufi kwa hesabu iitwayo SHA-1, inatuma herufi 5 za mwanzo tu za matokeo, na ulinganisho unamalizikia kwenye kompyuta yako. Kwangu zilipatikana 38. Misimbo ya kuingia kwa hatua mbili, zile tarakimu sita zinazobadilika kila sekunde 30, inaweza kuitunza vilevile, ingawa ya barua pepe kuu nimeiacha kwenye kifaa kingine. Siweki mayai hayo kikapu kimoja.

Na yale maswali ya siri, jina la shule ya kwanza, ukoo wa mama? Majibu ya kweli ndugu zangu wameshayamwaga kwenye mitandao ya kijamii pamoja na picha. Sasa najibu uongo mtupu na kuuhifadhi kwenye sehemu ya maelezo. Mama yangu ana koo nane mpaka sasa.

Kama wewe ni mtu wa kupoteza mafaili, tafuta huduma inayokutunzia yenyewe. Hapa hakuna kitufe cha “nimesahau nywila”, ukiisahau umekwisha. Nina nakala kwenye fleshi mbili, na maneno saba yapo ndani ya bahasha iliyofungwa, kwa dada yangu, ambaye hajui ni ya nini na ameapa hataifungua nikiwa hai.

Zimebaki akaunti 11 sijazibadilisha. Moja ni barua pepe ya ujana inayoniuliza jina la mbwa wangu wa kwanza. Sijawahi kufuga mbwa.