Vortex: programu ya kukadiria kama wanyama wa msituni watabaki au wataisha

Kama uko kwenye mambo ya uhifadhi na hujawahi kugusa Vortex, ipakue tu, ni bure, inakaa kwenye Windows na huhitaji kujua kuandika msimbo wa kompyuta (code). Aliyeitengeneza ni Bob Lacy wa Chicago Zoological Society, shirika la bustani ya wanyama huko Marekani, na imeshatumika kwa wanyama kibao wa msituni, wakiwemo orangutani, wale nyani wakubwa wa visiwa vya Borneo na Sumatra huko Asia.

Ninachoipendea ni kwamba haichukui idadi ya wanyama ikaanza kukata asilimia basi. Inamfuata mnyama mmoja mmoja, huyu kazaliwa jike, yule kafa kabla hajakomaa, mwingine mwaka huu kazaa, na kila tukio linaamuliwa kwa bahati nasibu kufuatana na uwezekano uliouweka wewe, halafu inarudia maisha ya kundi zima mara 500 au 1000 na mwisho inakuambia ni mara ngapi wameisha. Hapo ndo unaelewa kwa nini wanyama 30 waliobanwa kwenye kipande cha msitu hawako salama hata kama kwa wastani wanazaliwa wengi kuliko wanaokufa, maana miaka miwili mibaya ikifuatana au wakizaliwa madume watupu, kwishney. Inahesabu mpaka hasara ya ndugu kuzaana wao kwa wao, kitu ambacho hesabu nyingi za harakaharaka zinaruka.

Mambo ya binadamu unayaingiza hivi: uwindaji unaweka wanyama wangapi wanaondolewa kila mwaka, wa umri gani na jinsia gani, na ukataji miti unauweka kama kushuka kwa K, yaani idadi ya juu ambayo msitu unaweza kuwabeba. Jaribu kwa orangutani, ambaye jike anakaa miaka kama 7 au 8 kati ya mtoto na mtoto, ongeza vifo vichache tu vya majike wazima uone grafu inavyoporomoka. Inauma kuangalia kwa kweli.

Sasa kasoro, na kwa watu wa misitu ni kubwa: Vortex yenyewe haijui msitu. Barabara mpya, shamba, mkaa, vyote kwake ni namba moja tu, K. Kwa hiyo kugeuza hekta zilizopotea kuwa idadi ya wanyama ni kazi yako, na ukidhani nusu ya msitu ikiondoka K nayo inabaki nusu unajidanganya, maana vipande vilivyobaki vinakauka pembeni, moto unaingia kirahisi na mwenye mitego anafika mpaka katikati. Afadhali inakuruhusu kuweka fomula badala ya namba, ukaifanya K ishuke haraka miaka ya mwanzo barabara inapofunguliwa kisha itulie. Vipande vya msitu unaviweka kama makundi tofauti na unaandika asilimia ya wanaohama kutoka hiki kwenda kile, na hiyo asilimia kuipata porini ni kazi kwelikweli.

Kwa vyura au wadudu wanaotaga mayai maelfu tafuta kitu kingine, hii ni ya wanaozaa kidogo na kuishi sana.

Na usimpelekee mtu wa maamuzi namba moja. Badilisha vifo vya majike kutoka 3% hadi 4%, uendeshe tena, jibu likigeuka basi rudi porini ukahesabu majike kwanza ndo uandike ripoti.