Singe ya Uingereza ya 1907: nzuri, ila kagua ndoano kabla ya kulipa

Kwa mkusanyaji anayeanza, singe hii ya bunduki ya Lee-Enfield ndiyo tunayoipendekeza: zimebaki nyingi, na chuma chake kina maelezo mengi. Bapa lina urefu wa takriban sentimita 43. Lisome karibu na kikingio, kipande cha chuma kati ya mpini na bapa: upande mmoja una taji, herufi za mfalme ER au GR, 1907 (mwaka wa muundo), tarehe ya kutengenezwa na jina la kiwanda. "3 17" ni Machi 1917. Upande wa pili tafuta mshale wa serikali na X, alama kwamba bapa lilipindwa kupimwa uimara.

Ndoano kwenye kikingio hupandisha bei sana, na hapo ndipo matapeli wanapofanyia kazi. Iliondolewa 1913, na nyingi za awali zilikatwa. Ukiikuta kwenye bapa la 1917, imechomelewa. Pitisha lenzi kwenye maungio. Mara nyingi utaona mstari au rangi tofauti ya chuma. Tundu la kichwani mwa mpini lilianza 1916, ingawa za zamani zilitobolewa baadaye.

Iliyosuguliwa kwa msasa iache, hata iking'aa: alama zimeliwa. Ala ya ngozi iliyofumuka mshono, omba upunguziwe.