Semina ya kufukia hewa ukaa hapa Hoima, Uganda: nyota 3 kati ya 5

Mnaoniuliza kuhusu ile semina ya siku mbili ya kufukia hewa ukaa (kaboni dioksidi, ile gesi ya moshi inayopasha dunia joto) chini ya ardhi, ile ya Kiswahili waliyotuwekea sisi tuliofuata kazi za mafuta huku kutoka Kongo, Kenya na Tanzania, mimi nimeenda, nimelipa shilingi laki na nusu za Uganda kwa hela yangu, nawaambia nilivyoona.

Siku ya kwanza safi kabisa. Mwalimu alijaza mchanga kwenye chupa, akamwaga maji ya chumvi yakazama yote, akasema mwamba wa huko chini ndo uko hivohivo, mgumu kwa macho lakini una vitundu vimejaa maji ya chumvi kali ambayo hayanyweki wala hayamwagilii shamba. Hewa ukaa wanaisukuma humo, kuanzia kama mita 800 kwenda chini, maana kina hicho presha inaibana mpaka inakuwa nzito kukaribia kimiminika na haili nafasi kubwa. Bado ni nyepesi kuliko maji ya chumvi so inataka kupanda, ndo maana juu lazima pawe na tabaka la mwamba lisilopitisha kitu. Sleipner, uwanja wa gesi wa baharini kule Norwei, wanafanya hivyo chini ya bahari tangu 1996, na kwa miaka mingi ilikuwa karibu tani milioni moja kwa mwaka. Nilielewa vizuri mno.

Siku ya pili ndo iliniuma. Mama mmoja wa Kibiro, kijiji cha kando ya Ziwa Albert, aliuliza, sisi kwetu tunachemsha chumvi pale ziwani, maji ya moto yanatoka yenyewe, mafuta nayo yalikuwa yanavuja hapo kabla hata ya visima, kama hivyo vyote vimepata njia kwenye ufa, hiyo hewa itazuiwa na nini? Jamani hilo ndo swali lenyewe! Mwalimu akasema tu "mwamba wa juu utazuia mama, usiogope" akaruka slaidi nyingine.

Angeweza kumweleza mradi wa kufukia wa In Salah kule Aljeria, walianza 2004 wakasimamisha 2011 kwa wasiwasi juu ya huo huo mwamba wa juu, na setilaiti zilionyesha ardhi imeinuka milimita kadhaa. Au Snøhvit, Norwei hiyohiyo, walianza 2008, presha ikapanda haraka kuliko walivyotegemea ikabidi 2011 wahamie tabaka lingine. Sisemi haifai, Sleipner inafanya kazi, ila kazi kubwa ni kuchagua mahali, na sisi hapa tunakaa ndani ya Bonde la Ufa, penye miamba yenye nyufa, mtu wa Ziwa Albert lazima aambiwe hayo bila kufichwa.

Chai na rolex (chapati ya mayai) walitoa vizuri, ukumbi mzuri. Nimewaandikia waandaaji waongeze nusu siku ya nyufa na presha, na wamtafute yule mama wampe jibu kamili. Hawajanijibu bado. Wakifanya hivyo nalipa tena niende.